Gunia la Bertila

— Kwa nini gunia avae mwanangu?

Mama Luka aliuliza akiwa bado na galoni la maziwa mkononi, pale kwenye benchi la kahawa la Nambambo. Aliyepaswa kujibu ni Yasmini. Tangu arudi likizo kutoka chuo alikuwa akiwafundisha vijana mchezo wa kizamani, wa malkia na kijakazi anayemwokolea mtoto. Kesho wanauonyesha Ruangwa. Malkia ni yeye. Kijakazi, wa kuvaa gunia, ni Bertila, binti wa Mama Luka; familia yao ilihamia na ng'ombe wao mwaka juzi kutoka Kanda ya Ziwa. Chuoni Yasmini hajawahi kushindwa mdahalo. Hapa alikodolea macho kikombe.

Masoudi, ambaye kijiwe kinamwita Bunge, akaingilia:

— Mama Luka, kwenye michezo ya kale nguo ndiyo inayosema. Bwana anaburuza joho maana halimi. Mtumwa nguo fupi, maana anatumwa.

— Na mikono ya joho! akadakia Saturnini, fundi aliyeshona mavazi yote. Mirefu mpaka vidole vinapotea. Mkubwa hali mwenyewe, analishwa.

— Viatu vya mbao, futi nzima kwenda juu, akaongeza mnywa kahawa mmoja.

— Futi mbili! Bunge akamsahihisha. Mfalme hatembei, anabebwa.

— Akibanwa na haja je, Bunge?

— Fundi, usiniletee ujinga. Mfalme habanwi.

Benchi zima kicheko. Mama Luka hakucheka.

— Kama ni gunia, Bertila haendi.

Yasmini alipandwa na hasira, na wa kumkasirikia alikuwa yeye mwenyewe.

— Nilimwona na shuka na katambuga za tairi miguuni, nikaandika "kijakazi". Sikuwaza mara mbili. Halafu nikajiandika malkia. Nisamehe, mama.

Mama Luka akatua galoni. Akafungua kanga aliyojitanda begani.

— Siku tunafika hapa mvua ilinikuta sina nguo kavu. Mama yako akakata doti yake mpya, kipande chake, kipande changu. Sokoni wakawa wananiuliza, wewe na yule ni ndugu? Mpaka leo sijamshukuru ipasavyo. Mwanangu avae hiki. Wewe vaa cha mama yako.

— Haa! Saturnini akaruka. Sare? Watu watamjuaje malkia? Na joho langu je?

— Mpe anayecheza mfalme, fundi, alisema Yasmini. Anayemwokoa mtoto wa malkia mbele ya Ruangwa nzima ni nani? Nimvike gunia huyo?



Yasmini aliipokea kanga kwa mikono miwili. Ilikuwa imepauka pindoni, ina harufu ya moshi.

— Asante, mama. Gari linaondoka saa mbili asubuhi. Naomba na wewe uje, umfunge kanga mwenyewe.