Salamu kwa Mwenye Nyumba

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Shangazi anastaafu baada ya kuitumikia shule yetu ya kupiga mbizi kwa miaka ishirini na tisa. Waliomwajiri walishaondoka, boti aliyoanzia kazi ilishauzwa, na nahodha wetu wa sasa alikuwa bado ananyonya wakati huo. Yeye alibaki, nasi tukazoea vibaya, tukadhani atabaki siku zote.

Alianzia chumba cha nyuma, kile chenye harufu ya mpira na sabuni, akisuuza nguo za kupigia mbizi na kuzitundika. Baadaye akapewa mashine ya kujazia mitungi ya hewa, ambayo inanguruma hadi leo, na ndiyo sababu Shangazi hupaza sauti hata anapokunong'oneza siri. Kupiga mbizi alijifunza jioni, baada ya kazi. Alipovishwa fulana ya mwongozaji ilimpwaya kiasi kwamba mumewe, fundi cherehani, aliipunguza mabegani mara mbili.

Wanafunzi wetu wanajua kwamba bwawani kila mtu ni shujaa. Shughuli huanza boti inapotoka nje bahari ikiwa imechafuka. Mtungi unakuvuta mgongoni, miwani imejaa ukungu, jirani yako anatapika, halafu mtu anakwambia ujitupe majini kinyumenyume. Mimi ninayeandika haya, siku yangu ya kwanza niling'ang'ania benchi kwa mikono miwili nikatangaza kwamba naacha kazi, na hata sikuwa nimeajiriwa.

Shangazi hakuwa mtu wa kubembeleza. Alikuwa anachuchumaa mbele yako, anakaza mikanda yako, kisha anakutuma. Pale tunapofunga boti kwenye boya, kamba inashuka hadi kwenye jiwe kubwa lenye shimo, na shimoni aliishi samaki chewa, mzee, mnene, mdomo umechanika upande mmoja. Shangazi alimwita Mwenye Nyumba. Maagizo yalikuwa yale yale kwa kila mgeni: ushuke na kamba taratibu, mkono baada ya mkono, ukifika chini umchungulie Mwenye Nyumba, umwambie Shangazi anamsalimia, halafu urudi useme kama yupo. Basi. Mtu aliyekuwa anatetemeka midomo anaanza kuuliza shimo liko upande gani. Kuna mhasibu mmoja, pande la mtu, aliyetapika akiwa ameelekea upepo na kutugawia sote kifungua kinywa chake. Naye alishuka, akapeleka salamu, akarudi juu akijisifu. Hata mimi nilishuka. Mwezi uliofuata niliomba kazi, safari hii kweli.

Miaka minane iliyopita, siku ya mawimbi makubwa, mwanafunzi mmoja alipatwa na kiwewe, akaiachia kamba, akaanza kuzama kwa kasi. Shangazi alikuwa na mafua na hakutakiwa kuingia majini siku hiyo. Aliingia. Hakusubiri masikio yazoee, alimfuata yule kijana hadi akamshika, akampandisha salama. Kijana leo ana familia yake. Ngoma ya sikio la kushoto la Shangazi ilipasuka, na daktari akamwambia wazi kwamba asishuke tena maishani. Alirudi kazini na pamba sikioni, akamuuliza nahodha akae wapi. Akapewa tezi, kule nyuma ya boti, kando ya ngazi, na pale ndipo amekaa tangu siku hiyo.

Hatukumsikia akilalamika. Lakini aliyekuwa na macho aliona. Kichwa cha mwisho kikishazama, Shangazi alikuwa anaishika ile kamba ya boya na haiachii mpaka watu warudi. Wa kwanza kuibuka alikutana na swali hata kabla hajatoa mpira wa hewa mdomoni: yupo? Amejificha au amejitokeza? Ule mdomo unaendeleaje? Alikuwa anasikiliza ameinamisha lile sikio zima, macho ameyafumba. Alikuwa na hamu ya kule chini, hamu ya mtu anayepita mbele ya nyumba aliyozaliwa kila siku na haruhusiwi kuingia. Mimi ilikuwa inanichoma kumtazama.

Kisha Mwenye Nyumba akatoweka. Sisi waongozaji tulimtafuta wiki nzima, mawe yote ya jirani, wapi. Hatukufanya kikao chochote, ila nani angemwambia Shangazi? Tukaibuka tukasema yupo. Kesho yake pia yupo. Ikabidi wageni nao tuwafundishe jibu gatini kabla ya kuondoka, na uongo ukaota mabawa: amenenepa, ameuliza habari zako, anakusalimia sana.

Jumamosi iliyopita ilikuwa safari yake ya mwisho. Bahari ilichafuka, ngazi ikawa inagonga ubavu wa boti. Miongoni mwa wageni alikuwapo mwalimu wa hisabati, mama mtu mzima, aliyeogopa hadi sauti ikamkauka. Alifika amechelewa, kwa hiyo hakufundishwa lile jibu letu. Shangazi alimkaza mikanda, akamtuma. Nilishuka nyuma yake. Alishuka na kamba kama alivyoagizwa, akafika, akachungulia. Akazunguka jiwe, akachungulia upande wa pili kwa tochi. Nilijua kinachokuja, na chini ya maji huwezi kumsihi mtu.

Alipoibuka alieleza mbele ya wote, bado ameshika ngazi: "Hayupo, Shangazi. Nimeangalia pande zote mbili. Kuna mchanga na kamba wadogo wanaotambaa tu, inaonekana hapakai mtu siku nyingi."

Nahodha ghafla akakumbuka kitu cha kutengeneza kwenye injini.

Shangazi alicheka mpaka akashikilia ukingo. Alikuwa anajua tangu wiki ile ile. Yule chewa, alisema, miaka yote hakuwahi kumsalimia mtu, iweje aanze kutuma salamu kila siku kama mkwe mwenye shida zake? Alituacha tuendelee kwa sababu alipenda kusikia habari za kule, hata zikiwa za kutunga. Kisha akaishika mikono ya mwalimu, baridi imeikamata, akamnong'oneza kwa sauti yake ya mashine, sote tukasikia: "Wewe umeangalia." Akamwomba amweleze wale kamba walikuwa na rangi gani. Mwalimu, ambaye asubuhi hakuweza kutamka jina lake, alieleza mpaka tukafika gatini, na hakuna aliyemkatiza.

Shangazi anahamia bara kwa binti yake muuguzi, kwenye mji ambao maji mengi kuliko yote ni ya tangi la juu ya paa. Shangazi, asante kwa mikanda uliyoikaza na kwa kutupa kazi ya kufanya tulipokuwa tunaogopa. Tunakuombea maisha ya raha na afya, na simu yako isikose chaji. Kila Jumamosi, atakayetangulia kutoka majini atakupigia. Shimo likipata mpangaji, utajua siku hiyo hiyo. Lisipopata, tutakueleza mchanga.