Kikohozi Tulichokimeza

Bismillahi. Salamu zangu kwenu mabwana mlioketi mkekani, na nyinyi mabibi mlio nyuma ya pazia, nasikia vikombe vyenu vya kahawa. Nimeambiwa nisimulie kwa kifupi yaliyonipata. Mimi ni askari, na askari hajui kuzungumza, anajua kuamriwa na kuamuru. Nikipaza sauti msiudhike, ni mazoea ya gwaride.

Wengine mnanijua, mimi ni mwana wa Pate. Nilipoingia jeshini, kwetu walishangaa, wakasema huyu ameona nini huko ambacho bahari haina. Basi niliona. Nilikaribia kufa, ndugu zangu, na risasi haikunigusa.

Kambi yetu ilikuwa ng'ambo ya bara, msituni. Jina silitaji, wala sitamtaja mtu. Kazi yetu ilikuwa kuvizia. Mnalala kifudifudi kando ya njia, tangu alfajiri mpaka jua la utosi, mkiwangoja watu wabaya wapite. Hujikuni. Siafu akikuuma unamwacha ashibe. Na kubwa kuliko yote, hukohoi.

Sajini wetu alikuwa na sababu. Zamani, kabla sijafika pale, askari mmoja alikohoa mafichoni, na wenzake wakarudishwa wamefunikwa turubai. Sajini alikuwepo. Tangu siku hiyo akawafundisha watu wake kumeza kikohozi, tena kwa bidii, kama mtoto anavyofundishwa Alhamdu. Unauma kola ya kombati, unabana ulimi juu, unameza mate, unapumua kwa pua kidogo kidogo mpaka kipite. Alikuwa akitukalisha karibu na moshi wa kuni mbichi atujaribu. "Ukitaka kukohoa," anasema, "chimba kwanza kaburi la mwenzako." Tukawa hodari. Wallahi tulijivuna, tukawacheka askari wa kambi nyingine wanaokohoa ovyo kama mbuzi.

Wakaja askari wageni, wametoka mazoezini nchi ya mbali. Wakalala kwenye mahema yetu, wakala nasi sinia moja, wakaenda zao. Baada yao mambo yakageuka. Mara huyu ana homa, mara yule hasikii ladha ya maharagwe, na maharagwe ya jeshi yenyewe ladha hayakuwa nayo! Mimi kifua kilikuwa kizito, nikipanda kilima kidogo naona nyota mchana. Mwenzangu wa hema, mtu wa bara, alikuwa akitetemeka chini ya blanketi hata mto wangu unacheza. Nikamuuliza, "Uko sawa?" Akasema, "Niko fiti, bana. Malaria tu." Nami nikasema malaria tu.

Akaja daktari wa jeshi, mwanamke, ana cheo cha kapteni. Akatupanga mstari. Akasema, "Kuna kirusi kipya cha njia ya hewa, kinazunguka makambini. Kinawapenda nyinyi kwa sababu mnalala mmebanana. Nani anakohoa?"

Akatembea mstari wote, ametega sikio. Macho yetu mekundu, jasho linatutoka, na hakuna hata mmoja aliyesafisha koo. Akasimama. "Kambi nzima haikohoi, hata kwa vumbi?"

Sajini akajibu kwa fahari, "Askari wangu hawakohoi, afande."

Na ilikuwa kweli! Nisikilizeni hapo. Hatukumdanganya yule mama. Tulikuwa tumeshasahau namna ya kukohoa. Yeye akatugawia barakoa, akasema moyo wake haujatulia, gari lake litalala pale kambini. Allah amlipe kwa moyo huo.

Kulipopambazuka tukatoka kuvizia. Tukalala majanini, mimi, mwenzangu ubavuni, Sajini mbele yetu. Jua likapanda. Kifua changu kikaanza kuwaka. Kikohozi kikaja, nikakimeza. Kikaja kingine, kikubwa, nikauma kola mpaka meno yakauma. Nikivuta pumzi, haingii. Nawaambia, mtu anaweza kuzama nchi kavu! Na pale pale tukasikia majani yanasagika, hatua za kitu kinakuja njiani. Sajini akainua mkono: tayari.

Mwenzangu akanitazama. Aliniambia baadaye midomo yangu ilikuwa na rangi ya kaniki. Nami nilimwona machoni anapima: nikinyamaza huyu afa, nikisema huenda tukafa sote. Nikamtikisia kichwa, nyamaza. Mbishi yule! Akasimama wima pale njiani, akapiga kelele, "Mgonjwa! Tuna mgonjwa hapa!" Na alipofungua kinywa kikohozi kikamtoka, kikavu, kikubwa, hakina breki.

Basi ikawa kama ukuta umebomoka. Wa pili akakohoa. Wa tatu. Kundi zima, watu na bunduki zao, tumekunjana tunakohoa, machozi yanatutoka. Sote tulikuwa wagonjwa, kila mtu akidhani ni yeye peke yake! Zile hatua majanini zikasimama, kisha zikarudi zilikotoka. Walikuwa watu, walikuwa nyati, mpaka leo sijui.

Sajini peke yake hakukohoa. Alitugeukia, macho yamemtoka, ameuma kola yake. Nikadhani ni hasira. Haikuwa hasira. Akapiga magoti taratibu, akalala, na kola ikiwa ingali mdomoni. Alikuwa mgonjwa kutushinda sote, na alikuwa fundi kutushinda sote. Gari la daktari lilitukuta barabarani. Sajini hakufika hospitali. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nampenda yule mtu mpaka leo, na msinisikie nikisema alikuwa mbaya. Alitufunza kitu kilichotuokoa na risasi. Kirusi si risasi, ndilo ambalo hakuna aliyetwambia.

Mkadhani nimepona? Bado. Nililazwa, nimewekewa oksijeni. Daktari akaniambia, "Kifua chako kimejaa uchafu. Mashine haiwezi kuutoa. Kohoa." Nikajaribu. Haki ya Mungu, sikuweza. Kikohozi kikifika kooni, ulimi unabana wenyewe, meno yanatafuta kola. Wakanikalisha, wakanigongagonga mgongoni. Wapi! Nikamsikia daktari akimwambia nesi pembeni, kwa sauti ya chini, kwamba nisipokohoa yeo, samahani, leo, mapafu yatanishinda. Nikaogopa kuliko kule msituni. Kule nilikuwa na bunduki.

Mamangu alikuwa ametoka kwetu, amepanda mashua bandarini Mtangawanda, na tumbo lake halipatani na bahari, anatapika ndia nzima, tangu bandarini mpaka bara. Hawakumruhusu kuingia. Wakamweka nje ya dirisha, na barakoa yake juu ya buibui. Nesi akamweleza shida yangu. Mama hakulia. Akagonga kioo kwa pete yake kama anamwamsha mtoto wa chuo cha Kurani, akapaza sauti hata wagonjwa wengine wakageuka.

"We mwanangu! Nitazama mimi. Wamngoja nani? Hapa hapana adui. Kohoa!"

Nikamtazama. Akaanza kukohoa yeye, mzima kabisa, kohoo kohoo, anashika dirisha, kunionyesha. Mtu mzima na heshima zake, mbele za watu! Nikacheka. Na kicheko ndicho kilichofungua njia. Kilichotoka hapo sitawaeleza, mtaacha halua. Nilikohoa mpaka mbavu zikauma, na mama nje anasema, "Ewaa! Toa! Toa!" Nesi alikuwa analia, mimi nalia. Jioni ile hewa iliingia mpaka chini kabisa, nikalala.

Basi namshukuru Mola kwanza. Namshukuru yule mtu wa bara aliyesimama wima. Yuko hai, hunipigia simu kila Idd anauliza kama nimekohoa. Namshukuru daktari ambaye hakuuamini ukimya wetu, na nesi, na mabwana wa mashua. Na huyo bibi mwenye pete nyuma ya pazia anayejifanya anapanga vikombe, asidhani simwoni.

Nyinyi mnasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mnasema vizuri sana, halafu mwaficha. Nasikia ugonjwa huu umefika mitaani, Shela hata hapa Mkomani, na watu wanameza. Huyu ana harusi nyumbani, yule ana wageni, mwingine anaogopa msikitini watu watajitenga naye. Mimi naujua mlio wa kikohozi kilichomezwa. Nimelala nacho hema moja.

Wewe bwana kando ya nguzo, sikutaji jina, lakini tangu nianze nakuona umeuma kola ya kanzu. Umemeza, umemeza tena, macho yamekuwa mekundu. Pana daktari pale mlangoni, amekuja kwa ajili ya watu kama wewe. Weka kiwiko mdomoni. Jamaa, mpisheni nafasi, wala msimtazame vibaya.

Hapa hapana adui, babangu. Kohoa. Tunakungoja.