Kocha Aliyeikalia Helmeti

Ijumaa hii, tarehe 13 Desemba 2024, Kocha Delbert Raasch anaondoka Chuo cha Tolliver baada ya misimu thelathini na miwili ya futiboli ya Kimarekani. Ofisi ya mkuu wa chuo imeniomba niandike wasifu mfupi, mchangamfu, na niseme kwamba anastaafu kwa hiari yake. Mfupi nitauweza.

Raasch alifika Iowa Agosti 1993 na mkewe Arlys, gari bovu na filimbi. Hapakuwa na mtu wa kupaka chokaa mistari ya uwanja, akaipaka mwenyewe, na tangu hapo hakumwachia mtu brashi. Msimu wa kwanza hatukushinda hata mechi moja. Wa pili tulishinda moja, mji mzima ukapiga honi mpaka polisi nao wakajiunga. Ubingwa wa ligi tuliupata mara mbili, 2001 na 2014. Asiyevijua vyuo vidogo ataona ni haba, na shauri yake.

Mimi ndiye mtunza vifaa wake tangu siku hizo: helmeti, kinga za mabega, jezi na ufuaji wake. Mwaka 1997 nilifua suruali nyeupe pamoja na jezi nyekundu, suruali zote zikatoka rangi ya waridi. Wapinzani wakatupokea kwa kelele, "Hamjambo akina dada!" Mwandishi wa gazeti alipouliza nani kafanya vile, Kocha alijibu bila kupepesa macho, "Mimi. Nimeipenda rangi." Tukawachapa 24 kwa 3. Mimi nilikuwa nyuma yake, kimya kabisa, na nikaizoea nafasi hiyo.

Basi tufike Oktoba mwaka huu, mechi ya sherehe ya wahitimu. Robo ya mwisho, tuko nyuma kwa pointi mbili, mrusha mpira wetu Tavian Brockett akagongwa kichwani na kuanguka kama gunia. Alipoinuliwa, Kocha alimuuliza huu ni mwezi gani.

"Agosti, Kocha. Niko fiti, nirudishe!"

Mchezaji wa hivyo hunyang'anywa helmeti, maana bila helmeti mwamuzi hamruhusu kuingia. Kocha akaniambia, "Orrin, ifungie." Nikaifungia sandukuni, ufunguo nikautia mfukoni.

Ndipo aliposhuka jukwaani Gaylen Stroud, mwenyekiti wa bodi ya chuo. "Orrin, umekuwa daktari lini wewe? Mpe kijana helmeti yake, wageni wanasubiri." Nikafungua. Niliogopa. Sina sababu nyingine.

Kocha alimkuta Tavian akifunga mkanda wa kidevu. Akamvua helmeti, akaiweka kwenye benchi, akaikalia.

"Del, inuka hapo!" Stroud akafoka.

"Nimechoka, Gaylen. Umri huo."

Alikaa hapo mpaka kipenga cha mwisho. Tulifungwa kwa pointi zile zile mbili. Hospitalini walimkuta Tavian anavuja damu ndani ya fuvu, wakasema pigo jingine lingemuua. Yuko hai, na Ijumaa atakuwepo.

Jumatatu bodi ikamwita Kocha kwa kosa la kumdhalilisha mchezaji mbele ya wageni. Wakauliza pia nani alifungua sanduku. Stroud alijua, akanyamaza. Nilikuwemo chumbani, nikavitazama viatu vyangu. Kocha akasema, "Kufuli lenyewe bovu, hufunguka ovyo. Nilipaswa kulibadilisha." Hilo nalo wakaliandika kuwa ni uzembe wake. Yeye kazi ikamwishia, mimi yangu ikabaki. Hiyo ndiyo hiari niliyoambiwa niiandike.

Kwa niaba ya vijana wote waliopita mikononi mwako, na mama zao waliowapokea wakiwa wazima, asante. Arlys, tunakurudishia mumeo, mfichie brashi. Tunawatakia afya na Jumamosi zenye utulivu.

Chuo kitakupa saa ya ukutani. Mimi, Del, nitakuletea lile kufuli, nikukabidhi mbele ya bodi nzima. Ni zima. Halijawahi kufunguka bila mkono wangu.

Orrin Teske, mtunza vifaa