Safari ya Ziwani Niliyoificha

Kamwene, ndugu zangu. Nimeomba mwenyewe kusimama mbele ya jumuiya yetu, na nitakayosema yatawaudhi baadhi yenu. Nivumilieni.

Mnakumbuka ule msiba wa jirani yetu hapa Mahongole, Makambako, zamu ya kupika ilipotuangukia akina mama wa jumuiya? Mimi nilituma ujumbe kwamba mgongo umenibana. Mgongo! Nilikuwa ndani ya basi na binti yangu wa miaka minne, tunateremka Ludewa kwa dada yangu aliyeolewa kando ya ziwa. Alikuwa anamwoza mtoto wake, na mimi sikutaka kukosa harusi. Mungu anisamehe.

Kule joto, jamani! Sisi tuliozaliwa na sweta, tuliloa jasho. Dada alitutandikia, akashusha chandarua. Mimi nikakikunja, nikakirushia juu.

"Mdogo wangu, teremsha neti. Mbu wa huku si wa kuchezea."

"Aa, dada, inatuzibia hewa. Kwetu Makambako neti tunafunikia miche ya kabichi."

Msicheke, hata nyinyi mnafunikia. Siku tatu tukalala hivyo hivyo.

Tukarudi kimya kimya. Wiki ya pili mtoto akaanza kuchemka. Nikasema ni baridi yetu hii tu. Nikamvika masweta mawili, nikasogeza jiko la mkaa, nikampa chai ya tangawizi. Akitetemeka, naongeza blanketi. Si ndivyo tulivyolelewa?

Alipozidi nikaenda naye duka la dawa. Kugeuka, nyuma yangu amesimama mama mmoja wa jumuiya, yule yule aliyeshika zamu yangu msibani. Muuzaji akaniuliza, "Mama, mmesafiri siku za karibuni?"

Na yule mama anasikia! Nikasema, "Hapana, tupo tu nyumbani." Muuzaji akanipa dawa ya kushusha homa tu. Ndugu zangu, nawaambia, nilimficha mwanangu nyuma ya aibu yangu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa namenya viazi, nikasikia kitanda kinagonga ukuta. Kuingia ndani, mtoto macho yamegeuka, mwili umekakamaa, povu mdomoni. Degedege! Nikapiga yowe. Wa kwanza kufika alikuwa yule mama wa jumuiya. Akamlaza ubavu, akamvua masweta, akatoka mbio kusimamisha bajaji.

Njiani mtoto akalegea mapajani mwangu. Namwita jina lake, kimya. Namwita tena, kimya. Niliogopa, ndugu zangu. Nikamwambia yule mama, "Nilidanganya. Sikuumwa mgongo. Tulikuwa ziwani."

Nilingoja anizabe kofi. Akasema, "Usiniambie mimi. Mwambie daktari, tena ukiwa mlangoni."

Nilifika mlangoni pa hospitali napiga kelele mbele ya watu wote: "Tumetoka ziwani! Tumelala bila neti!" Wakamtoboa kidole, wakapima. Malaria kali. Siku mbili nilikaa pembeni ya dripu, nikiangalia kifua chake kama bado kinapanda. Siku ya tatu akafumbua macho, akaniambia, "Mama, nataka kiazi." Nililia mpaka nesi akaniletea kiti.

Nawashukuru waliomtibu. Namshukuru huyu mama. Simtaji, anajijua, tena ameinamisha kichwa sasa hivi. Na nyinyi wafiwa, naomba msamaha hapa hapa. Niliwaacha na sufuria zenu nikaenda kucheza.

Ninachowaachia ni hiki: ukishuka kwenye joto, lala ndani ya neti hata ukiloa jasho. Ukirudi ukapata homa, usikimbilie blanketi. Nenda kapime, useme ulikotoka.

Mwezi ujao nateremka tena kwa dada, na binti yangu. Leo nimewaaga wote, na neti nimeitoa kwenye kabichi nikaifua. Tukirudi mkamwona mtoto ana joto, msiniulize nimempa dawa gani. Niulizeni kwa sauti, hata kama ni kanisani: "Mama, mmetoka wapi?" Nitajibu.