Shemeji Aliyeitwa Kupimwa

Asubuhi hiyo ukungu wa mlima Hanang ulikuwa haujaamua kuondoka, na kwenye benchi la mashine ya kusaga, pale Gitting, kahawa ya Mama Marieta ilikuwa ndiyo jiko la kila mtu. Xavery, ambaye kijiwe kinamwita Injinia kwa kukarabati majembe ya ng'ombe, hakuhitaji jiko. Wivu ulimtosha. Mdogo wake Felician, anayeishi Hispania, alikuwa amempigia mama yao simu: mkewe, mzaliwa wa Bolivia, ni mjamzito, na kliniki imempima ugonjwa wa Chagas ikamkuta nao. Mama alilia, kisha akatangaza kwamba mtamba anayelelewa na Xavery sasa ni wa mjukuu.

— Mtamba niliyemkatia majani mwenyewe! Eti kwa sababu ya mdudu!

— Mdudu gani huyo? aliuliza Gidabuday, aliyepewa jina la Spika kwa kugawa ruhusa ya kuongea.

— Kama kunguni, alijibu Lameck, daktari wa kijiwe, aliyesomea redioni. Anakaa kwenye nyufa za kuta za udongo, Amerika ya Kusini. Ugonjwa unajificha miaka na miaka, halafu unavamia moyo. Hispania mdudu hayupo, ila wajawazito waliotoka kule wanaitwa kupimwa, maana mtoto anaweza kuzaliwa nao. Akiwahiwa, anatibiwa, anapona.

— Mmesikia? Mdudu hayupo, wanapima! Mimi brusela, homa ya ng'ombe, ilinilaza msimu mzima wa mavuno, na ng'ombe wapo hapahapa. Nani aliniita?

— Ulijiita mwenyewe kwa kuugulia, Injinia, alisema Lameck. Kijiji kizima kilikusikia.

— Mimi nadhani, alisema Spika, wanapima moyo kuona kama unaipenda nchi yao.

— Au mdudu ndiye anatafuta viza, alisema Lameck, redio ikiwa imeshamwishia.

— Basi kwangu kuna nyufa nyingi kuliko Bolivia! Waje! Shemeji huyu anajua kuugua, jamani. Anaugua mpaka anapewa ng'ombe!

Walikuwa bado wanacheka Justina, anayeongoza sala za jumuiya ya kanisani, alipotua debe lake la mahindi.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Baba, pole kwa habari za shemeji yako. Leo jumuiya tunasali nyumbani kwa mama yako, na mimi ndiye nitakayemtaja shemeji kwenye maombi. Anaitwa nani?

Xavery alitua kikombe chake kwenye benchi.

— Mke wa Felician.

— Hilo najua, baba. Jina lake.

Spika hakumpa mtu ruhusa. Xavery akainuka, akasogea mbali na kelele za mashine, simu sikioni, akiomba moyoni mdogo wake asipokee kabla yeye hajajua aanzie wapi kuuliza jina.