Bwana Kumi na Moja wa Mtambile

Mambo yalianza Jumanne, tarehe tisa Septemba, saa kumi na dakika ishirini za alasiri, Mtambile, barazani kwa Amur muuza kahawa, ambapo wazee hukaa tangu watoke msikitini mpaka birika liishe. Ubavuni mwa baraza pana duka la kutoa kopi, na humo Radhiya alikuwa na kompyuta mapajani. Jumuiya ya wakulima wa karafuu ilikuwa imempa picha za daftari la zamani la mashamba, zilizopigwa kwa simu, azigeuze ziwe jedwali la Excel. Alhamisi saa sita mchana orodha ilitakiwa iwe imefika Mkoani, na shamba lisilo na jina la mwenyewe halitapata miche mipya. Programu ya kusoma mwandiko ilizisoma kurasa zote kwa dakika nne. Radhiya, msichana asiyepata usingizi nukta ikikaa pasipo pake, alianza kukagua mstari mmoja mmoja, na hakufika mbali. Akatoka nje na kompyuta yake.

— Asalaam alaykum, wazee wangu. Kuna mtu ana mashamba hamsini na nne, nami simjui.

— Waalaykum salaam, mwanangu. Ntu gani huyo? aliuliza Othman, anayeitwa Waziri kwa kuwa hakuna siri ya serikali asiyodai kuijua.

— Hapa kwenye jina la mwenye shamba pameandikwa kumi na moja. Basi. Kumi na moja, kumi na moja, mpaka chini.

Waziri akaweka kikombe chini.

— Hiyo namba ya siri. Bwana mkubwa huyo, hataki kujulikana. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Weye huna ujualo, alidakia Hafidh, ambaye baraza zima humwita Redio, maana hazimiki. Kumi na moja ni timu ya mpira! Vijana walichanga wakanunua mikarafuu. Umoja ni nguvu.

— Na wachezaji wa akiba? Amur aliuliza huku akimimina.

— Wa akiba hupalilia.

Damian alikohoa. Huyu ni mwalimu mstaafu wa hesabu aliyekuja kutoka bara miaka thelathini iliyopita, na jina lake la kijiweni ni Fomula.

— Tufikiri kitaalamu. Kumi na moja ni namba tasa, haigawanyiki. Mwenyewe aliichagua makusudi ili warithi wasigawane.

— Kama harithiwi, basi si ntu, alisema Redio. Ni jini.

— Jini afanye nini na karafuu?

— Ajifukize! Kwani jini hapendi kunukia?

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Radhiya hakucheka. Alikuwa ameifungua picha ya ukurasa wa tatu na kuikuza mpaka wino ukawa mnene kama kamba. Hazikuwa tarakimu. Vilikuwa vijiti viwili vifupi, vimelala kidogo, vimepangana chini ya jina la mtu.

— Mzee Othman, karani aliyeandika daftari hili nani?

— Marehemu kaka yangu, Mungu amrehemu. Mwandiko mzuri, lakini mvivu!

— Akikutana na mtu mwenye mashamba mengi, alikuwa anaandikaje?

— Jina aliandika mara moja tu, juu ya mashamba yote. Chini yake akipiga vijiti viwili. Kama juu.



— Kama juu, Radhiya alirudia taratibu. Programu imeona vijiti viwili, ikasema kumi na moja.

— Nilijua, alisema Waziri.

— Ulijua lini? Redio akamgeukia. Kabla ya bwana mkubwa au baada yake?

Radhiya alikuwa keshakaa. Mstari kwa mstari akafuta kumi na moja na kuandika jina la juu yake, huku akiitazama picha kila mara. Mashamba arubaini na nane yakapata wenyewe, yakabaki sita.

Hapo akafika Bi Kijakazi, mjane wa makamo kutoka Mgogoni, jembe begani.

— Nasikia orodha ya miche iko hapa. Mama yangu, marehemu Ummkulthum Makame, alikuwa na vishamba sita Mgogoni. Yumo?

Radhiya akatafuta. Jina halikuwamo. Akafungua ukurasa wa Mgogoni. Mashamba yalikuwa sita, na tangu mstari wa kwanza palikuwa na vijiti vitupu. Ukurasa uliotangulia haukupigwa picha, kwani mchwa walikuwa wameula zamani.

Bi Kijakazi aliinamia kioo, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

— Kama juu. Na aliye juu ni nani?

Waziri akatazama barabara. Amur aliinamisha birika, likatoa masimbi matupu, mashapo ya kahawa.

— Mwandike mama yake tu, alinong'ona Fomula. Sita kwa sita. Hesabu imekubali.

— Na kama ni mashamba ya mtu mwingine, Mwalimu? Radhiya aliuliza.

— Asiyekuwapo na lake halipo.

— Miye sitaki miche ya ntu, alisema Bi Kijakazi.

Radhiya alifunga kompyuta.

— Daftari limeliwa, mipaka haijaliwa. Bi Kijakazi, kesho saa moja nitakuwa kwako.

Asubuhi yake alifika Mgogoni saa moja kasoro dakika tano, daftari jipya kwapani. Hakumruhusu Bi Kijakazi kufungua mdomo, asije akawatilia majirani maneno. Kwenye mpaka wa shamba la kwanza alimkuta jirani, Bi Zulekha, akipalilia muhogo, akamwamkia, akamuuliza anapakana na nani.

— Na Ummkulthum Makame, mwanangu. Tangu sijaolewa.

Bi Kijakazi akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

— Haya, umeshaambiwa. Twende zetu, jua linapanda.

— Nimeambiwa la kwanza, alisema Radhiya.

Akaandika jina hilo lote, herufi kwa herufi, kisha akavuka mpaka kwenda kumtafuta jirani wa shamba la pili.