Mwaka Ambao Hatukuchoma Shamba

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu! Mimi si msemaji, mnanijua. Leo Bwana amenisimamisha.

Marehemu mume wangu na mimi tulilima mahindi hapa Kipatimu, mlimani. Kila kiangazi tulichoma mabua na majani, shamba likabaki jeusi. Halafu tukategemea mbolea ya dukani. Mvua ikishuka inaisomba mpaka bondeni. Kila mwaka tuliongeza mbolea, na kila mwaka mahindi yalizidi kuwa madogo.

Ndugu zangu, nitasema ukweli. Mwaka ule mahindi yalianza kuwa ya manjano. Mvua kubwa, barabara imeharibika. Mume wangu akasema tungoje. Nikamwambia, "Wenzako wameshaweka mbolea. Sisi tutakula mabua?" Akapanda pikipiki kwenda kutafuta mbolea. Pikipiki ikateleza njiani, na watu wakaniletea mwili wake umejaa tope.

Ni mimi niliyemtuma! Nilishindwa hata kusali.

Katika ukoo wetu, mjane hawashi moto shambani mpaka matanga yaondolewe, na kuyaondoa kulichelewa. Mvua za mwaka uliofuata zikakuta majani yamelala palepale. Nikapanda hivyohivyo, mahindi na mbaazi kati yake, bila mbolea. Wifi yangu alipita akacheka: "Wifi, unalima au unafuga nyoka?" Nilijua njaa inakuja, na wanangu watatu wananitazama.

Siku moja jua lilikuwa kali, mvua imekatika wiki nzima. Nikafukua chini ya yale majani. Udongo ulikuwa na unyevu. Minyoo imo! Nikapiga magoti palepale, nikasali kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Sitawadanganya. Mwaka huo tulivuna kidogo, tukaongezea mihogo. Wa pili ukawa afadhali. Siku hizi sichomi tena, naweka samadi ya mbuzi, na mbolea ya dukani ni kidogo tu, pale panapodhoofu. Hiyo nainunua barabara ikiwa kavu. Hakuna mtu wa nyumba yangu anayepita njia ile kwenye mvua kwa sababu ya mahindi.

Majonzi bado ninayo. Ila Mungu amenitoa kwenye woga, namshukuru. Mtumainini, ndugu zangu. Kiangazi hiki acheni japo kona moja bila kuichoma. Mbegu za mbaazi ninazo, njooni mchukue. Mkija, njooni na jembe. Shamba ni kubwa, na wa kulima nimebaki peke yangu.